Mwezi Mmoja, Miji Mingi: Mwanzo wa Mwezi wa Kiislamu Kutoka Ufukwe wa Tanganyika

Utangulizi

Usiku wa Alhamisi, tarehe 20 Aprili 2023, kiongozi wa darasa letu alinipigia simu kuniuliza swali jepesi: kesho ni Idd au si Idd? Tulikuwa na zoezi la asubuhi, na mwalimu alikuwa tayari kuliahirisha kwa ajili ya wanafunzi Waislamu, mradi aambiwe mapema. Ilikuwa saa tatu ya usiku. Nilikuwa sebuleni kwetu Kinindo, televisheni imewashwa, simu za watu watano zinalia kwa zamu, nami sikuwa na jibu. Saudia ilikwisha kutangaza kwamba Idd ni Ijumaa. Mama mdogo, anayeishi Maskati, alituandikia kwamba Oman mwezi haukuonekana na Idd yao ni Jumamosi. Binamu yangu anayesoma Uturuki alishangaa kwamba bado tunauliza, kwa sababu kwao tarehe ilikwisha kuandikwa kwenye kalenda tangu zamani. Bibi yangu, aliyezaliwa Ujiji na kuolewa Buyenzi kabla ya kuhamia kwetu, alisema neno moja tu: "Subirini mji useme."

Jambo hili si dogo kwa Mwislamu. Kula mchana wa Ramadhani bila udhuru ni dhambi, na kufunga siku ya Idd ni haramu. Mtu hawezi kusema atafunga kwa tahadhari. Akikosea upande huu au ule, amekosea.

Insha hii imetokana na usiku huo. Watu wengi pale nyumbani walisema kwamba zamani Waislamu walikuwa wamoja na sasa wametengana, na kwamba kalenda moja ya dunia itaturudishia umoja wetu. Nilipoanza kusoma historia ya ziwa letu, nilianza kutilia shaka maneno hayo. Hoja yangu ni kwamba umoja huo wa zamani ulikuwa umoja wa mji, wala haukuwa wa dunia. Miji ilitofautiana, ila haikuwa na njia ya kujua kwamba imetofautiana.

Mwezi unavyohesabiwa

Kutoka mwezi kukutana na jua hadi kukutana nalo tena hupita, kwa wastani, siku 29, saa 12 na dakika 44. Mwezi wa kalenda hauwezi kuwa na nusu siku, kwa hiyo huwa na siku 29 au 30, na mwaka wa Hijria huwa na siku 354 au 355. Ugomvi wote unahusu jioni moja, ile ya tarehe 29. Mwezi ukionekana, kesho ni tarehe mosi. Usipoonekana, watu hutimiza thelathini.

Saa ile ambapo mwezi unakutana na jua inajulikana kwa hesabu hadi dakika, miaka mingi kabla. Lakini saa hiyo mwezi hauna nuru kwetu. Lazima ujitenge na jua kwanza. Mwanafalaki Mfaransa André Danjon alionyesha katika miaka ya 1930 kwamba mwezi ukiwa karibu na jua kwa chini ya nyuzi 7 hivi, ule uzi wa nuru hauonekani kabisa. Aidha, dunia inazunguka. Mwezi mchanga unaweza usionekane Indonesia, usionekane Bujumbura, kisha ukaonekana Marekani saa kadhaa baadaye, kwa kuwa umepata muda wa kujitenga. Ndiyo maana mwanafalaki wa Malaysia, Mohammad Ilyas, aliyechapisha kitabu chake cha hesabu za kalenda mwaka 1984, alipendekeza mstari wa tarehe wa mwezi, yaani mstari unaogawa dunia katika sehemu iliyoweza kuuona mwezi na sehemu isiyoweza. Mstari huo hausimami mahali pamoja kama ule wa Bahari ya Pasifiki. Kila mwezi huhama.

Waswahili waliijenga kalenda yao juu ya jioni hiyo. Katika hesabu ya pwani, Shawali ni Mfunguo Mosi, na miezi huendelea hadi Mfunguo Tisa, kisha zinafuata Rajabu, Shaabani na Ramadhani. Ndiyo maana Maulidi husomwa Mfunguo Sita. Hesabu haianzi Muharram kama ilivyo katika vitabu, inaanza siku watu wanapofungua. Walikuwa pia na mwaka wa jua, ule wa Nairuzi, ambao mabaharia na wakulima waliutumia kwa pepo na mvua. Kwa hiyo wazee wetu walijua vizuri kwamba kalenda inaweza kuhesabiwa bila kutazama mbingu. Walitumia hesabu kwa kilimo na safari, na jicho kwa ibada.

Milima ya ng'ambo

Mtu anayetaka kuutafuta mwezi kutoka Kinindo ana tatizo lake. Magharibi yetu ni ziwa, na ng'ambo ya ziwa ni milima ya Kongo juu ya Uvira. Ziwa liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, na vilele vya huko vinapita mita 3,000. Kwa makadirio yangu, ukisimama ufukweni Kinindo, ukuta huo wa milima unapanda kama nyuzi 4 juu ya upeo wa macho. Anga huzunguka nyuzi moja kila dakika 4. Basi jua linatupotea kama robo saa kabla ya machweo yenyewe, na mwezi mchanga nao unatupotea mapema hivyo hivyo, kabla giza halijatosha kuuonyesha. Ongeza mawingu ya masika mwezi wa Aprili, utaelewa kwamba ufukwe wetu ni mzuri kwa kupunga upepo lakini ni shahidi dhaifu wa mwezi mchanga sana. Bujumbura, tangu ilipokuwa Usumbura, ilihitaji mara kwa mara kuamini macho ya watu wa mahali pengine. Kwa hiyo kwetu swali la mwezi ni pia swali la habari: nani anaileta, na inafika lini.

Ramadhani ya mwaka 1871

Kusini mwa Kinindo, mwendo mfupi kwa gari, lipo jiwe la Mugere. Limechongwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Walikuja hapo kwa mtumbwi kutoka Ujiji kutafuta kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia, wakakuta unaingia. Watalii hupiga picha na jiwe hilo kwa ajili ya Wazungu hao wawili. Mimi nilichukua tarehe yake nikaigeuza kwa jedwali la Hijria, nikapata tarehe 12 Ramadhani 1288.

Sikuwa nimewahi kusikia mtu akilitaja jiwe hilo pamoja na Ramadhani. Misafara ya wakati ule ilibeba watu wengi wa Unguja na Mrima, na Ujiji ulikuwa mji wa wafanyabiashara Waarabu na Waswahili. Usiku ule wa Mugere mwezi ulikuwa karibu kujaa, na kila Mwislamu aliyeutazama alijua kwa macho yake kwamba Ramadhani imefika karibu nusu. Wageni wao walikuwa na shida zaidi. Stanley aliandika kwamba alimkuta Livingstone Ujiji tarehe 10 Novemba, ilhali katika shajara ya Livingstone tukio hilo limo mwezi Oktoba. Mtu akiugua porini, kalenda ya karatasi inampotea na hakuna wa kumsahihisha. Kalenda ya mwezi mtu hawezi kuipoteza kwa wiki mbili, kwa sababu inajisahihisha yenyewe kila mwezi unapoandama. Kosa lake kubwa ni siku moja.

Lakini siku hiyo moja ndiyo yetu. Ramadhani ile ilifika tarehe 29 jioni ya 12 Desemba 1871. Alfajiri ya siku hiyo hiyo jua lilipatwa kikamilifu, tukio ambalo wanafalaki wa Ulaya walisafiri hadi India kulitazama. Jua likipatwa ndipo mwezi umekutana nalo, kwa hiyo tunajua saa: kati ya kupatwa huko na machweo ya Ujiji zilipita kama saa 12. Mwezi wa saa 12 hauonekani kwa jicho tupu katika hali ya kawaida. Inaelekea watu wa ziwani hawakuuona, wakatimiza thelathini.

Je, Unguja na Tabora nao walifanya hivyo? Mtu mmoja anayekubalika akija kwa kadhi akaapa kwamba ameuona, mji huo ungefungua siku iliyotangulia. Ujiji wasingejua. Msafara kutoka pwani ulichukua miezi. Habari ya Idd ya Unguja ingefika ziwani wakati watu wamekwisha kuhesabu Mfunguo Tatu au Nne, ikiwa kuna mtu angekumbuka kuitaja.

Sheria ya mji

Wazee hawakufanya hivyo kwa ujinga wa umbali peke yake. Walikuwa na dalili. Katika mkusanyiko wa hadithi wa Imamu Muslim imesimuliwa habari ya Kuraib, aliyetumwa Sham wakati wa Muawiya. Huko mwezi ulionekana usiku wa kuamkia Ijumaa. Aliporudi Madina akakuta watu wameuona usiku wa kuamkia Jumamosi. Akamuuliza Ibn Abbas kama kuona kwa Muawiya hakuwatoshi. Ibn Abbas akakataa, akasema wao watafunga mpaka wauone au watimize thelathini, na kwamba ndivyo walivyoamriwa na Mtume.

Wanazuoni wa Kishafii, ambao madhehebu yao yalienea pwani na kuingia bara na misafara, waliichukua habari hii kuwa msingi wa kusema kwamba kila eneo lina matlai yake. Wengi katika madhehebu mengine walisema mwezi ukionekana mahali pamoja unawabana Waislamu wote watakaofikiwa na habari. Maneno "watakaofikiwa na habari" hayakuwa na uzito mkubwa ziwani Tanganyika mwaka 1871, kwa kuwa habari haikufika.

Bibi alinipa ushahidi wake mwenyewe. Alipokuwa msichana Ujiji, katika miaka ya 1950, watoto walishuka ufukweni jioni ya tarehe 29. Mwaka mmoja mwezi haukuonekana, mji ukaendelea kufunga. Kesho yake mgeni akashuka kwa treni kutoka Tabora, amevaa kanzu mpya, akasema wao wamekwisha kuswali Idd. Nilimuuliza Bibi kama watu waligombana.

"Wagombane na nani, mjukuu wangu? Wazee walimwambia, mji wenu na mwezi wenu. Wakampa chumba apumzike, na chakula akakila ndani ili asiwatamanishe watoto."

Waya na redio

Basi kilichobadilika ni nini? Mbingu haikubadilika, wala vitabu vya fikihi havikubadilika. Mwaka 1879 waya wa simu ya chini ya bahari uliiunganisha Unguja na Aden, na kwa mara ya kwanza habari ya mwezi ingeweza kuvuka bahari usiku ule ule. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, ikageuza miezi ya msafara kuwa siku chache. Mwaka 1954 Redio Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili, na punde redio ndogo za betri zikaingia majumbani. Bibi anakumbuka kwamba ugomvi wa kwanza wa mwezi alioushuhudia ulikuja na redio. Jirani yao alisikia tangazo la ng'ambo akafungua, nduguye wa mlango wa pili akafunga. Yule mgeni wa Tabora alikuwa na mwezi wa mji wake. Jirani mwenye redio alikuwa na mwezi wa mji mwingine ndani ya mji uleule.

Hapo ndipo ile kauli ya kale, "watakaofikiwa na habari," ilipopata nguvu, kwa sababu sasa kila mtu alifikiwa. Mjadala ukahamia hata kwenye Idd el-Hajj. Mtafiti Mholanzi Gerard van de Bruinhorst, katika utafiti wake uliotoka mwaka 2007, alieleza jinsi Waislamu wa Tanga walivyobishana kama Idd hiyo ifuate mwezi wa Tanzania au siku ambayo mahujaji wamesimama Arafa. Anayemwona hujaji akiwa Arafa kwenye televisheni, moja kwa moja, anaona vigumu kuambiwa kwamba kwake leo ni tarehe nane tu.

Safari ya kutafuta kalenda moja

Wanazuoni hawakukaa kimya. Mwaka 1939 Sheikh Ahmad Muhammad Shakir wa Misri aliandika kwamba agizo la kutazama kwa macho lilikuwa na sababu yake, nayo ni kwamba umma wa kwanza haukujua kuandika wala kuhesabu, na sababu ikiondoka hesabu inafaa. Mwaka 1978 mkutano wa Istanbul ulikubaliana vipimo: mwezi uwe umejitenga na jua kwa nyuzi 8, na uwe juu ya upeo kwa nyuzi 5 wakati wa machweo. Mwaka 2006 baraza la fikihi la Amerika Kaskazini lilichukua njia ya hesabu. Mei 2016 Istanbul ilikusanya tena wajumbe wa nchi nyingi, na wengi wao wakapiga kura kwa kalenda moja ya dunia nzima: vipimo hivyo vikitimia popote duniani kabla ya usiku wa manane wa saa za Greenwich, mwezi mpya unaanza kila mahali. Mwaka 2025 jumuiya ya Muhammadiyah ya Indonesia, yenye mamilioni ya wafuasi, ilianza kutumia kalenda ya dunia yenye msingi huo.

Saudia nayo ina kalenda ya Umm al-Qura, ambayo tangu mwaka 2002 inatazama kama mwezi umekutana na jua kabla ya machweo ya Makka na unazama baada ya jua. Hiyo ni kalenda ya ofisi. Ramadhani na Idd hutangazwa na mahakama baada ya kupokea mashahidi. Wengi wetu huchanganya mambo hayo mawili.

Kurudi kwenye usiku ule

Sasa naweza kueleza kilichotokea sebuleni kwetu. Alfajiri ya 20 Aprili 2023 jua lilipatwa, kama alfajiri ya 12 Desemba 1871. Kwa saa za Bujumbura mwezi ulikutana na jua kama saa kumi na mbili na dakika 13 asubuhi. Machweo yalikuwa karibu saa kumi na mbili jioni. Mwezi ulikuwa na umri wa saa 12 kasoro dakika chache, sawasawa na ule wa Ujiji miaka 151 iliyotangulia, nao ulikuwa mwisho wa Ramadhani vilevile.

Kila mmoja pale sebuleni alikuwa sahihi kwa kanuni yake. Saudia ilikubali mashahidi wake, ingawa wanafalaki wengi walisema mwezi ule ulikuwa mgumu mno kuonekana Arabuni kwa jicho tupu. Oman ilitazama, haikuona, ikatimiza thelathini. Uturuki haikuhitaji Arabuni ione, kwa kuwa kanuni yake inaruhusu mwezi wa Amerika. Bibi alingoja mji.

Mwaka 1871 mwezi wa namna ileile haukuvunja nyumba yoyote ya Ujiji, kwa sababu hapakuwa na waya wala redio. Mwaka 2023 ulitukalisha macho hadi usiku wa manane. Viongozi wetu walipotangaza, Bibi alifuata, nasi tukamfuata Bibi, tukaswali na majirani zetu. Mwalimu alikuwa amekwisha kuamua kuliahirisha zoezi bila kungoja jibu langu.

Hitimisho

Sisemi kwamba kalenda ya dunia haifai. Mimi ni mwanafunzi, na ningependa kumwambia mwalimu tarehe ya Idd mwanzoni mwa muhula kama Mkristo anavyoweza kumwambia tarehe ya Pasaka. Pasaka nayo inafuata mwezi, lakini ni mwezi wa jedwali uliokubaliwa karne nyingi zilizopita, na hata hivyo makanisa ya Mashariki na ya Magharibi mara nyingi hayaisherehekei siku moja. Hesabu iko tayari. Kinachokosekana ni makubaliano juu ya nani aamue, na hilo halimo mikononi mwa wanafalaki.

Ninachokataa ni kuiuza kalenda hiyo kama urithi uliopotea. Historia ya ziwa letu haionyeshi urithi huo. Anayeitaka kalenda moja anaomba jambo jipya ambalo halijawahi kuwapo, na akisema hivyo waziwazi atasikilizwa vizuri zaidi. Anayeikataa kwa jina la wazee naye akumbuke kwamba wazee hawakung'ang'ania jicho peke yake. Walikuwa na mwaka wa Nairuzi wa kuhesabu, na waliweza kumkaribisha mgeni mwenye Idd yake bila kumwita mpotevu.

Kwa sasa naona hatua moja iliyo karibu nasi: hesabu itumike kukataa ushahidi usiowezekana, na kuona kwa macho kubaki pale kunapowezekana. Miji inayozunguka ziwa hili, Bujumbura, Uvira, Rumonge na Kigoma, ina anga karibu moja lakini milima tofauti. Aliye Kinindo amefungiwa na milima ya Uvira, na aliye Kigoma anatazama sehemu ya ziwa iliyo pana zaidi. Mtu wa Kigoma akiuona mwezi, sioni kwa nini wa Bujumbura angoje habari ya mbali kuliko hiyo. Tukishindwa kukubaliana na mtu tunayetumia naye maji ya ziwa moja, itatuwia vigumu kukubaliana na dunia.